Panga linapokusumbua maweni: dalili, chanzo na dawa

Mwaka juzi nilirudi kutoka kusaka nguruwe kwenye maweni (vichaka vilivyoota juu ya miamba ya matumbawe) ya nyuma ya Muyuni, kusini Unguja, nikiwa na alama nyekundu pajani, pana kama vidole vitatu, ungesema nimechapwa bakora. Aliyenichapa ni panga langu mwenyewe. Lilikuwa ndani ya ala, ala imefungwa mkandani, na alfajiri nilipolijaribu uani lilitulia kama bibi harusi. Saa nne za kupenya vichaka zikalitoa haya.

Tangu siku hiyo nimeshona ala ya turubai, nimebapa bomba la plastiki, nimeazima ala ya ngozi ya ami yangu nikamrudishia imepasuka (hajanisamehe mpaka leo), na nimewasikiliza wasasi wakubwa ambao kila mmoja anaapa kwamba mkao wake ndio mkao. Wamarekani nao wana ubishi wa namna hiyo hiyo. Kwao kwenye nchi ya dubu, Alaska kwa mfano, mwindaji mwenye bunduki kubwa begani mara nyingi hubeba na bastola ya kujihami, na hawaishi kubishana kama ikae nyongani, kifuani au begini. Sisi dubu hatuna, na bastola visiwani si kitu cha raia kuchukua akienda kondeni. Silaha yetu ya pembeni ni panga, pamoja na kisu kidogo cha kuchinjia. Ila shida ni ile ile: kitu kizito, kigumu, chenye makali, ambacho muda mwingi hukitumii, na siku ukikitaka unakitaka sasa hivi.

Nazungumzia msako wa nguruwe wanaomaliza muhogo wa watu, wenye kibali na unaojulikana kwa sheha. Anayetaka panga ili amfuate paa nunga, yule paa mdogo adimu anayelindwa, au aingie nalo Jozani, ambayo tangu 2004 ni hifadhi ya taifa, huyo hapa hana chake.

Kabla ya dawa, jaribio

Kosa langu la siku ile lilikuwa kulijaribu panga nikiwa nimesimama wima. Maweni husimami wima. Unainama chini ya mitambaa, unachutama kuangalia nyayo, unaruka kutoka jiwe hadi jiwe, unatambaa, unateleza. Mkao wa panga unaupima kwa vitendo hivyo, kusimama mwachie fundi nguo anayepima kanzu.

Basi vaa kila kitu utakachovaa: viatu vile vile, begi lenye maji yaliyojaa, mkanda, panga alani. Chutama mpaka makalio yaguse visigino. Panda barazani kwa hatua moja bila kushika nguzo. Ruka chini. Pita chini ya kitanda cha kamba kwa magoti na viganja, watoto wacheke wapendavyo. Kisha kaa mkekani na uinuke kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili msituni utakuwa umeshika mkuki au kamba ya mbwa. Kila linapogonga, linapochoma au linaponasa, kumbuka pahala. Halafu badilisha kitu kimoja tu, urudie. Ukibadilisha mkanda na ala na upande kwa mpigo mmoja, hutajua kipi kimekuponya na kipi kimekuharibia.

Linapiga paja au goti kila hatua

Hii ndiyo dalili ya wengi, na chanzo chake ni hesabu ya mtoto. Panga la kawaida la dukani lina chuma cha inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, mpini haumo. Kutoka mkandani mpaka gotini kwa mtu wa kimo cha wastani ni karibu urefu huo huo. Ukilining'iniza wima, ncha inafika kwenye goti, na kila goti linapopanda linaipiga teke, nayo ikirudi inalipa. Ikiwa ala imeshikwa na kitanzi kimoja tu juu, panga linakuwa kile kidude kinachoyumba cha saa ya ukutani: kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka ngozi inachubuka.

Watu hukimbilia kufunga ncha kwenye paja kwa kikamba. Nimefanya hivyo. Kikamba hicho ndicho cha kwanza kunaswa na mkwamba, na ukichutama kinakubana paja kama kitanzi cha mpira. Kiache.

Dawa ni kulipandisha na kulilaza. Weka vitanzi viwili. Cha kwanza karibu na mdomo wa ala, kifupi, kishike mkanda mbele kidogo ya nyonga. Cha pili shubiri moja chini yake kwenye ala, kishike mkanda kwa nyuma. Sasa panga halining'inii tena, limelala mshazari: mpini unatazama mbele, ncha iko nyuma chini ya kalio, na goti liko huru. Chutama tena. Ncha ikigonga chini, fupisha kitanzi cha nyuma, ilale zaidi. Ikichomoza nyuma mpaka inamgusa mtu anayekufuata, umezidisha.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mimi nalipeleka kushoto. Najua wengi wanaliweka kulia. Lakini kuchomoa sentimita 46 kutoka upande ule ule wa mkono kunataka kiwiko kipande juu ya bega, na ndani ya kichaka hakuna nafasi ya kiwiko kupanda kokote. Kutoka kushoto unavuta mbele na linakuja. Makali yatazame chini. Mkono wa kushoto ushike ala upande wa mgongo wa panga, wala usiikumbatie ala kwa kiganja kizima karibu na mdomo. Sababu nitaieleza kwenye ala zilizopasuka.

Na kama umejaribu yote hayo na bado linakupiga, basi panga ni refu kwa kazi yako. Kwa maweni, ambako miti mingi ni myembamba na umesongwa kila upande, la inchi 14 linatosha kabisa. Mimi ninalotumia lilikuwa la 18 likavunjika ncha kwenye jiwe. Nikamwambia mwenye mashine ya kunoa alilete chini na kulipa mviringo mpya. Ajali ile imenifaa kuliko panga zote nilizonunua.

Mkanda unateremka, nyonga inachoma

Panga na ala yake ni nusu kilo na zaidi kidogo. Si mzigo. Lakini ni nusu kilo upande mmoja, kwenye mkanda wa suruali ambao ulitengenezwa kushika suruali. Mkanda laini unajikunja pale ala iliposhika, ukingo wake unageuka kisu juu ya mfupa wa nyonga, nawe bila kujua unaanza kutembea kwa kuegemea. Jioni unasema mgongo unauma, na kumbe mgongo hauna kosa.

Mkanda wa kiti cha gari, ile nyuzi ngumu inayouzwa kwa mafundi wa gari mabovu, una upana wa karibu sentimita 5 na haujikunji. Huo ndio ninaotumia, umepitishwa juu ya vitanzi vya suruali, si ndani yake, ili uvuke peke yake nikitaka kukaa. Upande wa kulia natundika chupa ya maji kama mizani. Maji yakipungua mizani inalegea, kweli, lakini kufikia hapo nawe uko njiani kurudi.

Kuna dalili moja watu huichanganya na hii. Ukihisi ganzi au vijisindano upande wa nje wa paja, bila jeraha wala alama, panga halikuhusu sana. Kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa mbele wa nyonga, na mkanda uliokazwa kupita kiasi unaubana. Watu wakiona mkanda unateremka wanaukaza, wakiukaza wanapata ganzi, wakipata ganzi wanahamisha panga upande wa pili na ganzi inabaki pale pale. Legeza mkanda, na uzito wa panga uupeleke begani: ukanda mpana unaopita bega la kulia kifuani hadi nyonga ya kushoto. Mkanda wa kiuno unabaki na kazi ya kuzuia ala isiyumbe tu. Kwa mtu mwembamba asiye na nyonga za kushika mkanda, anzia hapo hapo begani, usipoteze wakati.

Begi na panga havipatani

Hapa ndipo ubishi wa wale Wamarekani unapotufaa. Begi lao kubwa la mlimani lina mkanda mnene wa kiuno unaobeba uzito wote wa mzigo, na bastola ikikaa nyongani inakutana na mkanda huo: ama inabanwa isitoke, ama inachimba mfupa. Ndiyo maana wengi wao wameihamishia kifuani, kwenye mfuko wenye kamba zake za mabegani, chini ya mikanda ya begi. Nyonga wameiachia begi.

Panga huwezi kuliweka kifuani. Urefu wake utakupeleka kidevuni. Lakini mpangilio wao unafaa: anza na silaha, begi lije juu yake. Vaa ukanda wa bega wa panga kwanza, kisha begi. Ukifanya kinyume, kila unapovua begi kupumzika lazima uvue panga, na siku utakapoona uvivu wa kulivaa tena ndiyo siku utakayolisahau chini ya mti. Mkanda wa kiuno wa begi, ikiwa unao, upite juu ya ukanda wa panga na uubane. Kumbe adui amekuwa mlinzi.

Kisu kidogo ndicho kinachofaa kifuani, kwenye ukanda wa begi upande wa kushoto, mpini juu. Nimeona vijana wanakining'iniza mpini chini ili kitoke haraka. Kitatoka haraka kweli, tena wakati wake kinaoujua chenyewe.

Na wanaolivaa panga mgongoni, mpini ukichomoza nyuma ya bega kama wapiganaji wa sinema? Matawi yananasa mpini, na kulirudisha alani bila kuona, karibu na shingo, ni kucheza na sikio lako. Sina la kuongeza.

Mwenye bunduki ya kibali akumbuke jambo moja tu la mkao: mkanda wa bunduki hukaa bega la kulia, basi panga na kila kinachogongana vikae kushoto. Na anapovuka miamba bunduki iwe imeshatolewa risasi. Hapo hapana ubishi wala dalili ya kusubiri.

Linatoka lenyewe

Tulikuwa watano, mbwa wametangulia, tunapita kwenye miamba ile yenye mashimo ambayo juu imefunikwa na majani makavu. Nikaruka mwanya usiozidi hatua moja. Nilipotua nikasikia nyuma yangu sauti nzuri sana, ya kengele ndogo, ting, halafu ting ya pili kwa mbali, halafu kimya. Nikashika ala. Nyepesi. Panga limekwenda pangoni. Tulimulika kwa tochi ya simu tukaliona limesimama kwenye udongo chini, mpini juu, kana kwamba mtu amelichomeka kwa heshima. Mdogo wetu akateremshwa kwa kamba. Tulipofika tena kwa mbwa, msako ulikuwa umekwisha.

Chanzo hakikuwa kuruka. Tazama panga la kawaida: ni pana karibu na ncha kuliko karibu na mpini. Mdomo wa ala lazima upokee ile sehemu pana ipite. Ikishapita, kinachobaki mdomoni ni sehemu nyembamba, na inacheza. Kwa hiyo ala ya panga haiwezi kulishika kwa kulibana tu kama ala ya kisu, hata ukiishona kwa nguvu namna gani. Fundi viatu akikwambia ataibana, atakubania upande wa ncha, na sasa utakuwa na panga lisiloingia na lisilokaa.

Linaloshika ni kitanzi cha mpini. Kata mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili. Ufunge ncha moja kwenye ala upande wa mgongo wa panga, ncha nyingine iwe kitanzi kinachovikwa juu ya mpini na kukaa nyuma ya ile kucha yake ya mwisho. Kidole gumba kikikisukuma mbele, kimefunguka. Kisha pima: geuza ala kichwa chini, itikise mara tatu kwa nguvu, juu ya mchanga, miguu ikiwa mbali. Likishuka hata nusu kidole, kitanzi ni kirefu. Mpira huo unachakaa kwa jua. Ukiuvuta ukaona mipasuko midogo kama ngozi ya kisigino, badilisha siku hiyo hiyo.

Halitoki

Kinyume cha ile, na mara nyingi inampata mtu aliyekwisha kuipata ile. Kwanza angalia kitanzi cha mpira, pengine umekibana kwa hasira. Kikiwa sawa, chomoa polepole na usikilize. Likikwaruza lina kutu au mchanga. Likinata kama limetiwa gundi, ni utomvu ulioganda kwenye chuma. Paka mafuta ya taa kwa kitambaa, subiri kidogo, futa. Likibana mwishoni tu, ncha imepinda.

Kama ala ni ya ngozi na umenyeshewa, ngozi imevimba. Usiikaushe jikoni wala juani saa saba. Itakauka kama ubao na kupinda. Ijaze magazeti, iweke kivulini siku mbili.

Wenzetu wa Pemba wana la ziada. Kule ardhi ni vilima na mabonde, unapanda unashuka, na mabondeni kuna matope ambayo huku kusini Unguja hatunayo. Panga lililolazwa mshazari likishuka mlima linachota udongo kwa mdomo wa ala pale unapokaa au kuteleza, na udongo ule ukikauka ni saruji. Toboa tundu chini ya ala, kubwa kiasi cha kupita penseli. Maji yatoke, udongo usukumwe kwa kijiti. Ala isiyo na tundu chini, wallahi, ni kikombe.

Ala imepasuka upande wa makali

Hapa simama. Dalili nyingine zote zinaudhi, hii inakata. Ukiona uzi umekatika sehemu moja tu ya mshono, au mstari mwembamba mweupe kwenye ngozi unaofuata makali, ala hiyo imekwisha kazi. Kila unapoingiza panga, makali yanapita juu ya mshono ule ule na kuula. Siku ukichomoa ukiwa umeikumbatia ala kwa kiganja, makali yatapita kwenye mwanya na kukuta vidole. Ndiyo maana nilisema shika upande wa mgongo.

Ala ya ngozi au turubai lazima iwe na ukingo ndani: utepe mnene wa ngozi au mpira wa tairi uliowekwa kati ya pande mbili, upande wa makali, kisha mshono upite nje yake. Makali yawe yanakula utepe, uzi ubaki salama. Ala ya ami yangu haikuwa na utepe huo. Nimemweleza, anasema ilikuwa nzima kwa miaka mpaka nilipoigusa mimi.

Siku hizi nimeacha kushona. Natumia bomba la plastiki gumu, lile la maji. Hesabu yake ni hii: bomba ukilibapa, upana wake unakuwa nusu ya mzingo wake. Bomba la kipenyo cha sentimita 4 linatoa upana wa 6 na kitu kidogo kwa nje, toa unene wa kuta zake. Panga lako pima pale lilipo pana zaidi, kisha ndipo uende dukani. Kata urefu wa chuma na vidole viwili juu yake. Chemsha maji kwenye sufuria pana na uchovye kipande kwa kipande. Maji yanayochemka yanatosha kulilainisha, na likilainika utaliona linalegea kama muwa uliochomwa. Usilitie motoni. Likiungua linatoa moshi wenye tindikali unaochoma mapafu, na ala yenyewe inabaki na mapovu. Lizungushie panga gazeti mikunjo miwili, liingize, weka vyote kati ya mbao mbili, simama juu mpaka lipoe. Gazeti ndilo litakaloacha nafasi ya panga kupita. Matundu ya vitanzi toboa kwa keekee, mbali na njia ya makali.

Haipendezi. Ni ya kijivu, inafanana na kitu kilichoanguka kutoka chooni. Lakini haivimbi, haina mshono wa kuliwa, na ina faida nyingine nitakayoitaja.

Madogo madogo

Kelele: panga likigonga chupa, mnyama yuko mbali kabla mbwa hawajamnusa. Vika chupa soksi. Ala ya plastiki izungushie kitambaa cha kanga kuukuu kwa nje. Na kitambaa hicho hicho ndicho dawa ya michubuko, kwa sababu jasho lenye chumvi likichanganyika na plastiki tupu ngozi inaota vipele. Kama kuwasha ni kwa ghafla na kwa moto, umepita kwenye upupu, usiusingizie mkanda. Vua, usikune, osha.

Kutu: hewa ya bahari haimwachi mtu. Futa panga kavu kila unaporudi, paka mafuta, na usilihifadhi ndani ya ala. Mafuta ya nazi yanafaa kwa siku chache, kisha yananata. Ngozi inashika unyevu kama sifongo, kwa hiyo panga lililolala ndani ya ala ya ngozi msimu wote wa masika utalikuta limevaa hina.

Ala imeingia najisi

Hili halimo kwenye maandishi ya wenye dubu, lakini kwetu ni sababu ya kuchagua ala. Panga limepita kwenye nguruwe, likarudi alani na damu. Au mbwa amekuja na mate yake akaisugua ala ukiwa umechutama. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunafuata, hiyo ni najisi nzito: kuosha mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mwenye suala la ndani zaidi amuulize shekhe wake. Mimi nazungumzia mishono. Ala ya turubai yenye tabaka mbili, uzi mnene na utepe ndani, utaiosha mara saba na bado utabaki na wasiwasi kuhusu kilichojificha kwenye kona. Ya bomba unaisimamisha, unamimina juu, maji yanatokea kwenye tundu la chini, unahesabu mpaka saba, umemaliza kabla adhana haijesha.

Na kisu cha kuchinjia kisikae ala moja na panga, wala upande mmoja. Nimewahi kuona ala pacha, panga na kisu vimelala pamoja, kazi nzuri ya mikono kwa kweli. Mwenye nayo alipotakiwa achinje kuku wa chakula njiani, alikitazama kisu, akatutazama sisi, tukala muhogo.

Watu wanakutazama vibaya kwenye daladala

Chanzo ni wewe. Msituni ala ni adabu ya kutosha, barabarani haitoshi. Ukifika kwenye lami vua panga kiunoni, na ala yake, viringisha ndani ya gunia, funga kamba sehemu mbili, mpini ukiwa ndani. Lisikae mapajani wala chini ya kiti cha mama mwenye mtoto. Mpe konda alitie juu pamoja na mapakacha, na mwambie ni kitu gani kabla hajalishika. Kibali kiwe mfuko wa shati, si ndani ya gunia hilo hilo, maana askari akikiomba utalazimika kulifungua panga mbele ya abiria wote ili umwonyeshe kwamba wewe ni mtu wa amani.